Ramani ya mwili ndani ya sikio ilichorwa Lyon

Kijusi kimelala kichwa chini miguu juu, mgongo umejikunja kufuata tuta la ndani la sikio, na kichwa kimetua kwenye ndewe, pale pale wanawake wanapotoga kwa ajili ya hereni. Karibu kila anayetibu kwa akupancha ya sikio ana mchoro huo ukutani. Wengine wana pia sikio la plastiki juu ya meza, limejaa nukta na namba tele. Ukimuuliza mwenyewe mchoro umetoka wapi, atakwambia: China, maelfu ya miaka iliyopita.

Akupancha ya mwili, ile ya kuchomwa sindano mikononi, miguuni na tumboni, ni ya China na ni ya kale kweli. Hilo halina ubishi. Lakini huyo kijusi wa ukutani ana umri wa mtu aliyestaafu juzijuzi, na aliyemchora hakuwa Mchina. Alikuwa daktari Mfaransa wa mji wa Lyon, na alianzia kwenye kovu.

Kovu lililojirudia

Daktari huyo ni Paul Nogier, aliyezaliwa mwaka 1908. Kabla ya udaktari alikuwa ameanza masomo ya uhandisi, na nadhani ukilijua hilo, mengi aliyoyafanya baadaye hayakushangazi: alikuwa mtu asiyeweza kuona jambo likijirudia bila kutafuta mtambo ulio nyuma yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alianza kuona wagonjwa wenye kovu dogo la moto sikioni, kila mmoja mahali pale pale. Alipowadadisi, hadithi zao zilifanana. Walikuwa na siatika, yale maumivu yanayoanzia kiunoni, yakakata kalio na kushuka nyuma ya mguu hadi unyayoni. Walikuwa wamezunguka kwa madaktari bila nafuu. Mwishowe walikwenda Marseille kwa mganga mmoja mwanamke, Madame Barrin, ambaye aliwagusisha sikio chuma cha moto. Nafuu, walisema, ilikuja upesi.

Daktari mwingine angetabasamu na kuandika dawa ya maumivu. Nogier alichukua chuma akajaribu mwenyewe kwa wagonjwa wake. Baadhi walipata nafuu. Akaona kumchoma mtu sikio ni ukatili usio na lazima, na kwa kuwa alikuwa amejifunza akupancha, iliyokuwa ikijulikana tayari miongoni mwa baadhi ya madaktari wa Ufaransa, akaweka sindano mahali pa moto. Matokeo, kwa maelezo yake, yalikuwa yale yale.

Mpaka hapo hakuna jipya kubwa. Mganga wa Marseille alijua sehemu moja, daktari wa Lyon akabadilisha kifaa. Jipya lilikuja aliposhindwa kuacha swali: kwa nini hapo hasa? Kovu lilikuwa upande wa juu wa lile tuta lililojipinda ndani ya sikio, sambamba na ukingo wa nje. Nogier alikuwa na uzoefu pia wa kunyoosha viungo kwa mikono, na alijua siatika mara nyingi huanzia pale pingili ya mwisho ya kiuno inapokutana na mfupa wa nyonga. Basi akafikiri hivi: kama sehemu hiyo ya sikio inalingana na kiuno, huenda tuta zima ni uti wa mgongo. Na kama kiuno kiko juu, basi shingo iko chini, na ndewe ni kichwa. Mtu amepinduliwa. Kijusi tumboni mwa mama, akikaribia kuzaliwa.

Ni wazo zuri, na nasema hivyo bila kejeli. Lina mvuto wa kitendawili kilichoteguliwa. Lakini tuweke alama hapa, maana ndipo mambo mawili yanapoachana. La kwanza ni jambo lililoonekana: kuchoma sehemu fulani ya sikio kulionekana kuwatuliza baadhi ya wenye siatika. La pili ni dhana: kwamba mwili wote umechorwa sikioni. La kwanza lilikuwa dogo na lingeweza kupimwa. La pili ni kubwa mno, na ndilo lililosafiri.

Moto wa Bahari ya Kati

Kabla hatujalifuata, turudi kwa Madame Barrin kidogo. Yeye hakubuni kuchoma sikio. Mwaka 1637 tabibu Mreno, Zacutus Lusitanus, alitaja kuchoma sikio kwa ajili ya siatika. Mwaka 1704 Antonio Maria Valsalva wa Bologna, mmoja wa wataalamu wakubwa wa sikio waliowahi kuishi, alieleza sehemu ya sikio iliyokuwa ikichomwa kwa maumivu ya jino. Na mwaka 1850 daktari Lucciana wa Bastia, kisiwani Corsica, aliandika katika jarida la kitabibu la Ufaransa kuhusu wagonjwa wa siatika waliochomwa sikio. Madaktari wa Paris wakajaribu, wakashangilia kidogo, wakaacha. Corsica na Marseille zinatazamana ng'ambo ya maji, kwa hiyo si ajabu desturi kama hiyo ikamfikia mganga wa mji wa bandari miaka mia baadaye.

Msomaji wa pwani yetu au wa Oman hatashangaa sana na hili la chuma cha moto. Kuchoma moto, al-kayy ya Waarabu, ni tiba tunayoijua, na iko pamoja na asali na kuumika katika hadithi mashuhuri ya Mtume ya vitu vitatu vyenye shifaa, ambayo inamalizika kwa yeye kuukataza umma wake kuchoma. Kwa Waarabu siatika ina jina lake, irq al-nasa. Al-Zahrawi, mpasuaji wa Córdoba aliyeandika karibu mwaka 1000, ana sura baada ya sura juu ya kuchoma, na michoro ya vyuma vyenyewe. Ila kwa siatika yeye alichoma nyonga, mahali panapouma. Nani wa kwanza alihamisha chuma kutoka nyonga kwenda sikio, hilo halikuandikwa popote.

Watetezi wa tiba hii hupenda kurudi nyuma zaidi, hadi kwa Hippocrates. Wanasema hata Wagiriki walijua. Ukiisoma habari yenyewe, inachekesha. Hippocrates anawaeleza Waskithi, watu waliokaa juu ya farasi maisha yao yote, ambao nyonga zikiwavimba walikata mshipa nyuma ya masikio. Lakini haisifii tiba hiyo. Anasema ndiyo iliyowaharibia nguvu za kiume. Kumtaja kama shahidi wa faida za sikio ni kumwita mahakamani shahidi wa upande wa pili.

Safari ya kwenda China

Mwaka 1956 Nogier alialikwa kuzungumza kwenye mkutano wa wataalamu wa akupancha wa nchi za Bahari ya Kati, uliofanyika Marseille, mji ule ule wa Barrin. Mwaka uliofuata maelezo yake yalichapishwa kwa Kijerumani katika jarida la akupancha la Ujerumani, kwa mkono wa Gérard Bachmann. Kijerumani ndicho kilichompa mabawa. Kufikia mwisho wa mwaka 1958 muhtasari wa kazi yake ulikuwa umetoka kwa Kichina, katika jarida la tiba ya jadi la Shanghai.

Tazama mwaka huo. Ni mwaka wa ule mpango wa Mao wa kuruka hatua kwa pupa. Vyuo vya tiba ya Kichina vilikuwa vimefunguliwa miaka miwili tu kabla, Beijing, Shanghai, Guangzhou na Chengdu. Mnamo Oktoba 1958 Mao alitangaza kwamba tiba ya Kichina ni hazina kubwa inayopaswa kuchimbuliwa na kuinuliwa. Nchi ilikuwa na mamia ya mamilioni ya watu na madaktari haba. Katika hali hiyo inafika habari kwamba Mfaransa anatibu mwili mzima kwa sindano za sikio: hakuna haja ya mgonjwa kuvua nguo, hakuna kitanda, hakuna dawa ya kununua kwa fedha za kigeni. Nani angeikataa?

Kikosi cha jeshi cha Nanjing kiliupima mchoro wa Nogier, na maelezo ya Wachina yanataja wagonjwa wapatao 2,000. Wakaukubali kwa jumla, wakahamisha baadhi ya nukta, wakaongeza nyingine nyingi. Nanjing, kwa wasiojua, ni mji mkuu wa jimbo la Jiangsu, lile lile ambalo tangu miaka ya 1960 limekuwa likileta timu za madaktari Zanzibar, Hospitali ya Mnazi Mmoja. Wakati wa Mapinduzi ya Kitamaduni, "madaktari pekupeku", vijana wa vijijini waliofundishwa tiba kwa miezi michache tu, walitembea na michoro ya sikio pamoja na vidonge na bendeji.

Je, China yenyewe haikuwa na chochote cha sikio? Ilikuwa nacho. Katika makaburi ya Mawangdui, karibu na Changsha, yaliyofukuliwa mwaka 1973, ilipatikana hati ya kitabibu iliyozikwa mwaka 168 kabla ya Kristo inayotaja "mshipa wa sikio". Huangdi Neijing, kitabu kikuu cha tiba yao, kinasema sikio ni mahali mishipa yote inapokusanyika. Waganga wao walitoa damu kwenye ncha ya juu ya sikio kwa homa na macho mekundu, na bado wanafanya hivyo. Lakini hizo ni nukta chache zilizotawanyika. Hakuna hati ya kale ya Kichina yenye sikio lililogawanywa kiungo kwa kiungo, goti hapa, figo pale. Hilo liliingia China na Nogier.

Kilichofuata ni jambo la kawaida katika historia ya tiba, na si la Wachina peke yao. Mchoro wa Mfaransa ulipovikwa misemo ya Huangdi Neijing, ulionekana mzee kuliko ulivyo. Ukarudi Magharibi miaka ya 1970 ukiwa na ndevu nyeupe. Wazungu walioupokea walidhani wanapokea hekima ya Mashariki, kumbe walikuwa wanarudishiwa mzigo wao wenyewe ukiwa na mihuri mipya.

Haki imtendewe Nogier: vitabu vya Kichina vya wakati ule vilimtaja kuwa chanzo. Waliomfuta ni wauzaji wa baadaye, ambao kwao "miaka 5,000" inauza kuliko "Lyon, 1957".

Magoti mawili

Zamani nilidhani kasoro ya tiba hii ni umri wake mdogo. Sivyo. Dawa ya chanjo nayo ni changa kuliko hirizi. Kasoro yenye uzito zaidi ni kwamba ramani ni mbili, na hazikubaliani.

Chukua goti. Kwa Nogier goti liko ndani ya kile kibonde cha pembetatu sehemu ya juu ya sikio. Kwa Wachina liko pembeni, juu ya tawi la tuta. Chukua moyo: Wachina wameuweka katikati ya bakuli la sikio, karibu na tundu, Wafaransa wakauweka juu ya tuta. Figo: Wachina ndani ya bakuli la juu, Wafaransa chini ya mkunjo wa ukingo wa nje. Mji wa mimba nao una makazi mawili. Na hiyo nukta inayosifiwa kuliko zote, Shen Men, yaani "lango la roho", ni ya Wachina, haikuwemo kwenye mchoro wa mwanzo wa Nogier, ingawa siku hizi shule zote mbili zinaitumia. Shirika la Afya Duniani lilijaribu kuwapatanisha. Novemba 1990 lilikutanisha wataalamu mjini Lyon kuweka majina na alama za pamoja. Majina ya nukta kadhaa yalikubaliwa. Magoti yakabaki mawili.

Sasa, kama mwili umechorwa sikioni kweli, kwa neva au kwa chi, ile nguvu ya uhai ya tiba ya Kichina, goti lingekuwa na anwani moja. Daktari wa ramani ya Lyon na daktari wa ramani ya Beijing wanachoma sehemu tofauti, na kila mmoja ana wagonjwa walioshuhudia kupona. Kuna njia mbili za kulielewa hilo. Ama sehemu nyingi za sikio zina kazi ya jumla isiyohusiana na goti wala figo, ama kinachotibu ni kitu kingine kilichomo chumbani zaidi ya sindano.

Na kuna hili la masikio ya bibi zetu. Wanawake wa pwani walitoga ndewe, na wengi walitoga ukingo mzima, tundu baada ya tundu, wakavaa vipuli na majasi maisha yao yote. Katika ramani zote mbili, katikati ya ndewe ni jicho. Kama kuchoma hapo kuna athari kubwa kwa macho, pwani nzima ingekwisha kuijua bila kusubiri Mfaransa.

Kutoka arosto hadi jeshi la anga

Tawi moja la hadithi hii linanivutia kuliko mengine. Novemba 1972, katika Hospitali ya Kwong Wah ya Hong Kong, daktari wa upasuaji wa ubongo H. L. Wen alikuwa akimwandaa mgonjwa aliyekuwa mraibu wa afyuni. Alimwekea sindano mikononi na masikioni na kupitisha umeme kidogo, akitaka kuona kama zitamsaidia kwenye upasuaji. Baada ya muda mfupi mgonjwa akasema arosto, yale mateso ya kukosa dawa, imeisha. Wen hakuwa anatafuta hilo. Akajaribu kwa wengine, na mwaka 1973 pamoja na mwenzake Cheung akachapisha taarifa ya watu 40.

Habari ilifika South Bronx, New York, mahali palipokuwa tayari kuisikia. Hospitali ya Lincoln ilikuwa mbovu kiasi kwamba wakazi waliiita bucha. Julai 1970 vijana wa Young Lords, wengi wao wenye asili ya Puerto Rico, waliivamia na kuishikilia kwa saa kadhaa wakidai huduma. Novemba mwaka ule ule wanaharakati, wakiwemo watu wa Black Panther, chama cha Wamarekani weusi, walichukua sehemu ya jengo na kuanzisha kituo cha kuwatoa watu kwenye heroini. Mwanzoni walitumia methadoni, ile dawa mbadala ya heroini ambayo wasomaji wa Dar es Salaam wanaijua tangu Muhimbili ilipoanza kuitoa mwaka 2011. Lakini wanaharakati wa Bronx waliishuku: kwao ilikuwa mnyororo mwingine unaoshikwa na serikali. Sindano za sikio zilikuwa kinyume chake. Bei nafuu, yeyote anaweza kufundishwa, na hakuna kitu cha kuuziwa mtaani.

Aliyejifunza na kufundisha wengi pale ni Mutulu Shakur. Ndiyo, baba wa kambo wa Tupac, yule mwanamuziki wa rap. Wakauacha umeme wa Wen na kubaki na sindano tupu. Mwaka 1978 mamlaka za jiji zilitumia polisi kuwaondoa wanaharakati. Shakur akaenda kufungua kliniki Harlem, na miaka ya baadaye akafungwa kwa kesi ya uporaji wa gari la fedha la mwaka 1981 uliosababisha vifo. Aliachiwa Desemba 2022 akiwa mgonjwa sana, akafariki Julai 2023. Kituo kilibaki kwa daktari Michael Smith, ambaye mwaka 1985 alianzisha NADA, chama cha wanaotibu uraibu kwa akupancha, na kuweka utaratibu wa nukta tano katika kila sikio: Shen Men, nukta ya neva zinazojiendesha, figo, ini na pafu. Watu wanakaa kwenye viti, wengi pamoja, kimya, nusu saa hadi dakika 45. Hakuna anayelazimishwa kusimulia maisha yake.

Miaka ikapita, na upande mwingine kabisa wa nchi ile ile ukaingia. Mwaka 2001 Richard Niemtzow, daktari wa jeshi la anga la Marekani, alianzisha "akupancha ya uwanja wa vita": vijisindano vifupi vinavyobaki sikioni siku kadhaa ili kutuliza maumivu ya askari. Bronx ilichukua zaidi ramani ya China, jeshi likachukua zaidi ya Ufaransa, hivyo baadhi ya nukta zake zina majina ya sehemu za ubongo. Mapinduzi na jeshi la anga wakitobolewa sikio moja. Sijui historia ingetoa utani gani mzuri kuliko huo.

Mizani

Kwa uraibu, vipimo vilianza vizuri. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha utafiti wa watu 82 waliokuwa kwenye methadoni na wakitumia kokeini. Katika wiki ya mwisho zaidi ya nusu ya waliochomwa nukta za NADA walikuwa safi, wakati waliochomwa nukta zisizotambuliwa hawakufika robo. Habari zikaenea. Timu hiyo hiyo, na nawasifu kwa hili, ikarudia kwa ukubwa: watu 620 katika vituo sita, matokeo yakatoka mwaka 2002 katika JAMA, jarida la madaktari wa Marekani. Safari hii kundi la nukta halisi, kundi lililochomwa ukingo wa nje wa sikio, na kundi lililokalishwa kutazama video za mandhari zenye muziki mtulivu, yote yalipunguza kokeini kidogo, na hakukuwa na tofauti kati yao. Kwa lugha ya mtaani, video za maporomoko ya maji zilifanya kazi sawa na sindano.

Kwa maumivu picha imechanganyika. Mwaka 1980 watafiti wa UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles, waliwafunika shuka wagonjwa 40, daktari akaachiwa kuona sikio tu na kutaja panapouma mwilini. Akalingana na ukweli kwa asilimia 75.2. Watetezi hawajaacha kuutaja utafiti huo. Mwaka 1984 Ronald Melzack, mmoja wa mabingwa wa sayansi ya maumivu wa karne iliyopita, alipima na Joel Katz wagonjwa 36 wenye maumivu sugu, akakuta kuamsha nukta "sahihi" kwa umeme hakuzidi kuamsha nukta nyingine, wala kutoamsha chochote. Upande wa upasuaji matokeo ni bora. Utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2007 kwa watu 120 waliofanyiwa upasuaji mdogo wa goti ulionyesha waliowekewa vijisindano sikioni walihitaji ibuprofeni kidogo kuliko waliowekewa mahali pa bandia. Uchambuzi wa mwaka 2010 uliokusanya tafiti 17 nao ulielemea upande wa faida, ingawa nyingi kati ya tafiti hizi ni ndogo.

Na ugumu wa kupima hapa unatokana na magoti mawili. Ili kujua kama nukta ina kazi, lazima umchome mwenzake mahali pasipo na kazi. Wapi? Watafiti hukimbilia ukingo wa nje, lakini hata huko Wafaransa wameweka figo na mji wa mimba. Sikio ni dogo na ramani mbili zimelijaza lote.

Unyoya wa kuku

Je, kuna kitu chochote mwilini kinachoweza kueleza hata hiyo faida ndogo? Kipo, na huenda umekiona mwenyewe. Mtu anajisafisha sikio kwa unyoya wa kuku au pamba, mara anakohoa. Koo halijaguswa. Kinachoguswa ni tawi la neva ya vagasi, neva ndefu inayotoka kwenye shina la ubongo na kushuka hadi kwenye moyo, mapafu na tumbo. Sikioni ndipo tawi lake pekee linapofika juu ya ngozi. Limepewa jina la Friedrich Arnold, mtaalamu wa maumbile wa Ujerumani wa karne ya 19. Uchunguzi wa maiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba sehemu ya juu ya bakuli la sikio inahudumiwa na tawi hilo peke yake. Maeneo mengine hupata neva kutoka shingoni na usoni.

Kwa hiyo sikio si ngozi ya kawaida. Leo kuna vifaa vya umeme mdogo vinavyobanwa sikioni kuamsha vagasi, na Ulaya vimeruhusiwa kwa kifafa. Lakini vagasi haijui goti. Ikiamshwa inaweza kutuliza mapigo ya moyo na pengine wasiwasi. Haina njia ya kuchagua figo ya kushoto. Huu ni mlango wa sikio kuwa na faida ya jumla, na ni huo huo unaomfungia nje kijusi wa ukutani.

Anayetaka kujaribu ana haki ya kudai sindano mpya iliyofungwa mbele yake. Ndani ya ngozi ya sikio kuna gegedu, ambalo halina mishipa yake ya damu; likiingiliwa na vijidudu hupona kwa shida na linaweza kuliharibu umbo la sikio kabisa. Vijisindano vinavyoachwa siku nyingi ndivyo vyenye hatari zaidi. Zile punje za mbegu zinazobandikwa kwa plasta na kubonyezwa kwa kidole hazitoboi, hatari yake ni ndogo. Na aliyeambiwa aache dawa za presha au kisukari kwa sababu ya nukta fulani, huyo ameshatoka kwenye akupancha, ameingia kwenye jambo jingine.

Nogier alifariki mwaka 1996. Kufikia hapo nukta za sikio zilikuwa zimehesabiwa kwa mamia, za unene, sigara, usingizi, mzio, hasira. Madame Barrin wa Marseille hakuwa na mchoro hata mmoja. Alijua mahali pamoja kwa ajili ya ugonjwa mmoja, akapasha chuma moto, akamwambia mgonjwa atulie.